Namna Kompyuta Ilivyojifunza Kazi ya Simu Katika Nchi ya Dhahabu

Atakayesimama asubuhi mbele ya duka la steshenari mjini Kahama, au Katoro, au kando ya stendi ya Geita, ataona jambo ambalo kwa wingi wa kulitazama watu wamekwisha acha kulishangaa. Mzee aliyetoka machimboni, vumbi la duara, yaani shimo la uchimbaji, bado limeganda viatuni, anaingia, anaamkiwa shikamoo na kuitikia marahaba, kisha anasema, "Binti yangu, nitolee kopi ya leseni". Na leseni anayoisema haimo mkononi wala mfukoni, bali ni picha iliyomo ndani ya simu, aliyotumiwa jana usiku na mwanawe aliye Mwanza. Binti haiombi ile simu. Anamwonyesha namba ya duka iliyoandikwa ukutani kwa wino mzito, anamwambia, "Nitumie WhatsApp, mzee wangu". Na kabla mzee hajapata pa kuketi, picha imekwisha tokea katika kioo kikubwa cha kompyuta iliyo mezani, imenyooshwa, imekatwa kingo, na printa imeanza kunguruma.

Tendo hilo la dakika mbili limebeba tarikhi ndefu. Programu iliyoundwa kwa ajili ya kiganja cha mkono inafanya kazi juu ya meza, katika chombo ambacho kwa umri ni kaka yake mkubwa. Katika nchi za ng'ambo kompyuta ilitangulia nyumbani na ofisini, na simu ikafuata nyuma kama mtoto amfuatavyo mzazi. Lakini katika ukanda huu wa almasi, pamba na dhahabu mambo yalikuja kinyume, simu ikatangulia kuingia katika shughuli za watu, na kompyuta ilipowasili ikakuta fedha, barua, picha na majina ya watu yamekwisha kaa kwa mdogo wake, ikalazimika kujifunza kwake. Kusudi la maandishi haya ni kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo.

Reli, almasi na dirisha la ofisi, 1898 hadi 1966

Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898, ila mgodi haukushika kazi ya haja mpaka miaka ya 1930, zama za Waingereza, nao ukaendelea hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katikati ya muda huo, mwaka 1928, reli itokayo Tabora ilifika Mwanza kwa kupitia Shinyanga, na sambamba na reli zikaja nguzo za waya, kwa kuwa stesheni haiwezi kuruhusu gari moshi kuondoka pasipo kuiuliza stesheni ya mbele. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia wa Kanada, akapata almasi Mwadui, na mji wa kampuni ukachipuka pale palipokuwa pori. Mwaka 1955 nao vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba, ambavyo Paul Bomani alikuwa kinara wa kuviasisi, vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa la kanda ya Victoria Nyanza.

Dhahabu, almasi na pamba, zote zilikuwa bidhaa ambazo bei yake hukatwa mbali, ng'ambo ya bahari, na kwa sababu hiyo habari ilikuwa na thamani kama mali yenyewe. Lakini habari ilikaa ofisini. Iliingia kwa waya, ikapokewa na karani, ikaandikwa katika leja, na mkulima au mchimbaji aliyetaka kujua jambo lake alikuwa mtu wa kusimama dirishani mpaka aitwe jina. Mgodi mkubwa ulikuja na umeme wake, barabara yake na mawasiliano yake, na kijiji kilichopakana nao kikabaki na mjumbe wa miguu. Asiyelikumbuka dirisha lile hataelewa kwa nini simu ya mkononi, ilipokuja, ilipokewa kwa pupa kubwa namna ile. Maana haikuleta mazungumzo peke yake, ilimwondolea mtu foleni.

Marufuku ya mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, kwa ajili ya hesabu za serikali. Haikuwa heri. Mitambo ya namna hiyo ilikula fedha za kigeni, ikategemea wataalamu wa nje, na hesabu ilizokusudiwa kuzinyoosha zikazidi kuleta taabu. Hata mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Waliotoa amri hiyo hawakuwa wajinga wa maendeleo kama wanavyosimuliwa na wacheshi wa siku hizi. Ilikuwa miaka ya bei ya mafuta kupanda na ukame kubana chakula, na nchi iliyokuwa ikihesabu kila dola iliona ni hekima kununua nafaka kabla ya mashine.

Wallakin kila amri huzaa matokeo yaliyo nje ya kusudi lake. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuyeyuka pamoja na mageuzi ya uchumi, lakini kizazi kizima cha makarani, walimu na watunza bohari kilikuwa kimekulia kwenye taipureta na karatasi ya kaboni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la posta na simu la pamoja likavunjika nayo. Katika mikoa kama Shinyanga, simu ya waya ilibaki kuwa kitu cha bomani, cha misheni na cha mgodi. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na machimbo ya Geita na Kahama yakafurika watu, aliyetaka kupeleka ujumbe wa haraka alitegemea redio kol, ambapo siri ya mtu ilisikiwa na kila aliyekuwa hewani, au alimpa dereva wa basi bahasha na kumwombea safari njema.

Hivyo ilipofika miaka ya 1990 meza ilikuwa tupu. Kompyuta haikuwa imekatazwa tena, lakini haikuwa na umeme wa kuaminika, haikuwa na waya wa kuiunganisha na dunia, wala haikuwa na mtu aliyezoea kuitegemea. Nafasi hiyo tupu ndiyo simu iliyokuja kuijaza.

Simu yatangulia, 1994 hadi 2009

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza kazi mwaka 1994. Kwa miaka kadhaa chombo hicho kilikuwa pambo la wenye nacho wa Dar es Salaam, waliokishika mkononi hata wasipokuwa na wa kumpigia. Mwaka uliogeuza mambo ni 2000, ambapo Vodacom ilifungua huduma zake nchini, na mgodi mkubwa wa Geita ukaanza tena kutoa dhahabu baada ya kimya cha zaidi ya miaka 30. Mwaka uliofuata Celtel ikaingia, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukaanza uzalishaji. Sisemi kwamba mgodi uliileta simu, wala kwamba simu iliuleta mgodi. Nasema vilikutana, na mahali penye fedha inayozunguka mnara wa simu haukawii kupata wateja wa kuulipia gharama.

Simu iliyoshinda haikuwa ya fahari. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa ngumu, nafuu, yenye chaji ya kudumu, na juu yake tochi ndogo, ambayo katika nchi isiyo na umeme ilikuwa sababu tosha ya kuinunua. Kwa ajili ya tochi hiyo simu ndogo zote za aina yake zikapata lakabu ya kitochi, na jina hilo halijaondoka hata leo. Watu walipanda vichuguu na majabali kuusaka mtandao. Wenye jenereta wakafungua biashara ya kuchaji simu. Na aliyekuwa hana simu aliazima, akaweka vocha yake, akaongea.

Kisha ikaja fedha. M-Pesa, iliyozaliwa Kenya mwaka 2007, ilianza Tanzania mwaka 2008, na washindani wakafuata na huduma zao. Mchimbaji wa Nyarugusu aliyekuwa akimtumia mama yake fedha Maswa kwa bahasha ya kondakta, sasa alibonyeza *150*00# akamaliza mambo yake pale pale penye shimo. Athari yake ilikuwa kubwa kupita ilivyodhaniwa. Tangu siku hiyo namba ya simu ilikuwa sanduku la akiba, kitambulisho cha biashara, na kwa wengi ndiyo anwani pekee waliyowahi kuwa nayo, maana nyumba haikuwa na namba wala mtaa haukuwa na jina.

Kompyuta nazo zilikuja, katika vyumba vya intaneti kafe ambavyo mteja alilipia kwa dakika na kusubiri ukurasa ufunguke polepole kupitia satelaiti. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 na kuipunguza adha hiyo, na mkongo wa taifa ukaupeleka mtandao bara. Lakini kufikia hapo mashindano yalikuwa yamekwisha amuliwa. Aliyekuwa na barua ya kutuma aliitumia simu, na aliyekuwa na fedha ya kupokea aliipokea kwa simu. Kompyuta ilibaki na kazi moja ambayo simu haikuiweza, nayo ni kutoa karatasi.

Simu iliyozaliwa ndani ya kompyuta, 2003 hadi 2011

Hapa hatuna budi kuvuka bahari kidogo. Kompyuta ya mezani na simu ya mkononi hazisemi lugha moja. Aghalabu kichwa cha kompyuta, yaani prosesa, hutengenezwa kwa mpango wa Intel, na kichwa cha simu kwa mpango uitwao ARM, na amri iliyoandikwa kwa ajili ya kimoja ni kelele tupu kwa kingine. Ili programu ya simu itende kazi juu ya meza, yahitajika programu nyingine ikae katikati, ipokee kila amri kwa lugha ya simu na kuitamka upya kwa lugha ya kompyuta, mara maelfu kwa maelfu katika nukta moja ya saa. Wataalamu huiita emuleta. Sisi tutaiita mkalimani, maana ndiyo kazi yake.

Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa mkalimani mwepesi na mwenye kasi aitwaye QEMU, akamwacha huru atumiwe na kila mtu. Google, ilipotoa vifaa vya kuundia programu za Android mnamo Novemba 2007, ilimjenga mkalimani wake juu ya kazi hiyo. Na wakati huo hapakuwa na simu hata moja ya Android iliyouzwa duniani, kwani ya kwanza iliingia dukani Oktoba 2008. Kwa takriban mwaka mzima, basi, Android ilionekana na wengi ndani ya kioo cha kompyuta tu, mchoro wa simu yenye vitufe vya kubonyezwa kwa kipanya. Simu hiyo ililelewa mezani kabla ya kushikwa mkononi.

Mkalimani huyo alikuwa wa mafundi. Iliyomtoa karakana na kumpeleka sokoni ilikuwa kampuni ya BlueStacks ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2009, na iliyotoa programu yake mwaka 2011 ili mtu asiyejua ufundi aweze kufungua michezo na programu za simu katika kompyuta yake ya kawaida. Waliomshangilia zaidi walikuwa wapenda michezo, waliotaka kioo kipana na vitufe vya kweli. Kwao ilikuwa anasa iliyoongezwa juu ya meza iliyokwisha sheheni. Kwetu ilikuja kwa sababu nyingine.

Meza ya steshenari, 2015 hadi 2021

Kati ya mwaka 2010 na 2015 simu za kupangusa za bei nafuu, Tecno na Itel zikiwa mbele, ziliingia katika masoko ya Kahama na Geita, na pamoja nazo WhatsApp, ambayo Jan Koum na Brian Acton waliianzisha mwaka 2009. Vikundi vya vikoba, vya misiba, vya shule na vya wachimbaji vilihamia humo. Vyeti vya shule na vya kuzaliwa, hati za viwanja, barua za mtendaji wa kata, vyote vilianza kusafiri kama picha. Lakini mwisho wa safari, nyuma ya meza ya afisa, palikuwa na mtu aliyetaka karatasi na muhuri.

Januari 2015 WhatsApp ikafungua njia ya kutumika katika kompyuta. Ilitosha kuelekeza kamera ya simu kwenye mraba wa vidoadoa vyeusi uliotokea katika kioo, na mazungumzo yote yakamwagika mezani. Huyu hakuwa mkalimani. Lilikuwa dirisha, maana programu iliendelea kutenda kazi ndani ya simu, na kompyuta ikachungulia tu. Na kwa kuwa lilikuwa dirisha, liliweza kufunguliwa hata na mashine dhaifu kabisa, nayo mashine dhaifu ndiyo iliyokuwapo.

Steshenari ikabadilika sura. Hapo kwanza mteja alikuja na flashi, nayo flashi ilikuja na virusi, na nusu ya siku ilipotea katika kusafisha mashine. Sasa ikawepo simu ya duka, iliyolazwa kando ya printa, waya wa chaji haujatoka ubavuni mwake tangu asubuhi, na namba yake ukutani. Utumwa wa mpango huo ulikuwa dhahiri. Simu ilipoishiwa chaji, au bando lilipokata, kompyuta kubwa iligeuka kipofu pale pale, na mwenye duka akatoka mbio kununua vocha ilhali wateja wanne wamesimama. Hali hiyo haikuondoka mpaka mwaka 2021, WhatsApp ilipoanza kuviwezesha vifaa vilivyounganishwa kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa.

Miaka hiyo hiyo serikali nayo ilihamia mtandaoni. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu, usajili wa makampuni, ajira za utumishi wa umma na leseni za madini vikaanza kushughulikiwa kwa njia ya mifumo, na mifumo hiyo ilijengwa na watu waliodhani kila raia anacho kioo kipana. Tangu mwaka 2017 malipo ya serikali yakapitia mfumo mmoja unaotoa kontroo namba, yaani namba maalumu ya kila malipo. Sasa tazama msafara wa shughuli moja. Fomu inajazwa kwenye kompyuta. Viambatisho vinaletwa kwa WhatsApp. Kontroo namba inatokea kwenye kioo na kuandikwa kwa kalamu pembeni mwa daftari. Mteja anatoa kitochi mfukoni, analipa. Ujumbe wa malipo unaingia, binti anabonyeza kitufe, na stakabadhi inatoka katika printa. Hakuna chombo kimoja kilichoimaliza kazi peke yake. Steshenari ndiyo iliyokuwa kivuko baina ya vyombo visivyosikilizana, na nauli ya kivuko hicho ilikuwa shilingi mia chache.

Mkalimani na mashine za mitumba

Kwa kazi ambazo dirisha halikuzitosheleza, mkalimani aliitwa. Mathalani, tovuti ya Instagram haikumruhusu mtu kuweka picha kutoka kwenye kompyuta mpaka Oktoba 2021. Kijana mwenye duka la mabango na kadi za harusi alisanifu tangazo lake kwenye kompyuta, kisha akalazimika kulituma kwenye simu ndipo alipandishe. Na aliyechoshwa na mzunguko huo aliweka BlueStacks au mwenzake, akapandisha tangazo akiwa ameketi pale pale. Wengine walimtafuta kwa sababu ya simu iliyovunjika kioo, wengine kwa ajili ya michezo ya usiku duka likifungwa.

Lakini mkalimani huyu ni mlafi. Hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, na hutaka ule uwezo wa kichwa cha mashine wa kugawa nafsi yake, ambao mara nyingi huja umezimwa na sharti uwashwe katika mipangilio ya ndani kabisa, inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe wakati mashine inaamka. Mashine za ukanda huu nyingi ni mitumba, Dell OptiPlex na HP zilizokwisha tumikia ofisi za Ulaya au Ghuba, zikaletwa kwa makontena. Fundi wa Kahama anayejua kuamsha uwezo huo hakulijifunza jambo hilo chuoni. Alilipata kwa kujaribu, kuharibu na kujaribu tena. Na baada ya hapo mkalimani huzungumza kwa kigugumizi, feni hulia kama mashine ya kusaga, na umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi yote huanza upya.

Mwaka 2021 Microsoft ilitangaza kwamba Windows 11 ingekuwa na mkalimani wake mwenyewe wa programu za Android. Habari hiyo iliposikika ilidhaniwa kuwa mwisho wa tabu. Illa Windows 11 yenyewe ilizikataa mashine za zamani, ikidai vichwa vya miaka ya karibuni na kifaa maalumu cha usalama, hata mashine nyingi za mitumba zikabaki nje ya mlango. Na kabla karamu haijawafikia watu wa mbali, mwenyeji aliifunga, kwani huduma hiyo ilisitishwa rasmi Machi 2025. Ahadi ilikuja ikaondoka pasipo kugusa meza za Katoro.

Laini haiigiki

Lipo jambo moja ambalo si dirisha wala mkalimani aliyeliweza. Fedha ya simu haikukaa katika programu. Ilikaa katika laini. Ile *150*00# haipiti katika intaneti, bali huzungumza moja kwa moja na mitambo ya kampuni kwa njia ya mnara, na ndiyo maana hufanya kazi katika kitochi kisicho na intaneti. Mkalimani aweza kuiga kioo cha simu, kamera yake na hata jina lake. Hawezi kuiga kipande kile kidogo cha plastiki kilichosajiliwa kwa jina la mtu.

Na usajili huo ukazidi kukazwa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini, na watu wengi wakagundua siku hiyo kwamba chombo chao hakikuwa kile walichodhani. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Foleni za vitambulisho zilizoonekana wakati huo zililirudisha, kwa muda, lile dirisha la zamani la kusubiri kuitwa jina. Tangu hapo laini ilikuwa kidole cha mtu. Kwa hiyo katika ukanda huu wengi hubeba simu mbili, ya kupangusa kwa maneno na picha, na kitochi kwa fedha. Nayo kompyuta imepewa ya kwanza kuichungulia na kunyimwa ya pili kabisa.

Soko la dhahabu na folda iliyosahauliwa, 2019 mpaka leo

Tarehe 17 Machi 2019 soko la madini la Geita lilifunguliwa, la kwanza nchini kwa mpango mpya wa kuuzia madini sokoni, na masoko mengine yakafuata, Kahama likiwemo. Mchimbaji aliyekuwa akiuza dhahabu yake kwa mwanga wa tochi, kwa bei ya aliyemtangulia kufika, sasa huileta mahali ipimwe, bei ikitazamwa kwa kulinganisha na soko la dunia, mrabaha na ada vikikatwa mbele yake. Bei hiyo hutajwa duniani kwa dola na kwa aunsi, yaani gramu 31.1, na hubadilika kila dakika. Hivyo mnunuzi aliyeketi mezani na mchimbaji aliyesimama mbele yake wote wawili wanaitazama, mmoja katika kioo kikubwa, mwingine katika kiganja. Kwa mara ya kwanza tangu zama za Williamson na Bomani, habari ya bei humfikia mwenye mali wakati uleule inapomfikia mnunuzi. Si kompyuta iliyomletea haki hiyo, wala haikutoka ofisini.

Na meza? Turudi kwa mzee wetu. Karatasi imetoka, ameikunja na kuitia katika mfuko wa nailoni usio na tundu. Anakumbuka jambo, anageuka mlangoni: "Na ile picha, binti yangu, umeifuta?" Binti anabonyeza, na picha inaondoka katika kioo, ikaondoka na katika simu ya duka. "Nimefuta, mzee." Hasemi uongo. Ila picha ilipofunguliwa kwa kuchapwa, kompyuta ilijiwekea nakala yake katika folda ambayo hakuna mtu aliyeamuru ijazwe wala anayekumbuka kuikagua. Humo zimo leseni za machimbo, hati za viwanja, vyeti vya kidato cha nne, vitambulisho mbele na nyuma, barua za posa, matokeo ya vipimo vya hospitali, miaka na miaka, kwa majina ya namba tupu. Sheria ya kulinda taarifa binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inaihusu folda ile kama inavyozihusu benki; lakini folda haijui, wala binti hakuwahi kuambiwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyozunguka. Kompyuta iliyokatazwa mwaka 1974, iliyokuta watu wamekwisha hamia kwa mdogo wake, imejifunza kazi ya simu kwa kuchungulia na kwa kuiga, na katika kujifunza huko imekusanya, pasipo mtu kukusudia, karatasi za mji mzima, kama zilivyokusanywa zamani nyuma ya dirisha la karani. Tofauti ni kwamba karani yule alikuwa na leja, na kila aliyeandikwa humo alijua ameandikwa.